Macho Yaliyotangulia Mjini

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na tisa mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, nesi wa zahanati alipompiga mke wa fundi baiskeli picha ya ndani ya macho. Mama huyo alikuwa mshonaji, na ugonjwa wa sukari ulikuwa umeshamwekea ukungu machoni; uzi alikuwa anautunga kwa kubahatisha. Nesi alieleza kwamba picha itatumwa mjini, daktari bingwa ataisoma, jibu likirudi ndipo mama apelekwe hospitali kuchomwa kwa miale mishipa ya macho inayovuja, kabla hajapofuka. Bila jibu hapokelewi.

Picha ikaenda. Macho nayo yakaenda.

Nyumbani hakuona cherehani wala mume. Aliona ofisi: meza, feni, kikombe cha chai iliyoota utando, na kiti kitupu kilichovalishwa koti la kijivu.

"Mwenye kiti yuko wapi?" mumewe aliuliza.

"Sijui, baba watoto. Koti lipo."

Walirudi zahanati. Wagonjwa wenzake wa sukari walikuwa kwenye benchi, wakibishana kama feni ile ina mapanga matatu au manne.

"Wote mnaona huko huko," nesi alisema. "Kaeni msubiri."

Fundi alimbembeleza nesi mpaka akapiga simu mjini kumwulizia daktari. Mkuu wa ofisi ile alipokea mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyekula akashiba.

"Daktari yupo kazini."

"Hayupo, mheshimiwa," mama alisema, akiinamia simu ya nesi. "Lililopo ni koti lake."

"Koti likiwepo, mwenyewe yupo. Mahudhurio yetu ndiyo hayo."

Mzee mmoja akadakia kutoka kwenye benchi, "Basi litusomee hilo koti." Wakacheka.

Siku moja mama alisema ofisi imejaa watu. Wakubwa wenye tai walisimama kando ya mashine ya kusomea picha, wakapigwa picha, wakapongezana kwa kuwafikishia wanyonge huduma. Mmoja alijifutia viatu kwa pazia. Kiti hakikukaliwa.

Mama aliendelea kushona kwa kupapasa, maana wateja walikuwa wanasubiri sare za shule. Sindano ikamdunga kidole. Kidonda cha mtu wa sukari hakina haraka ya kupona. Hiki kilipanda kiganja, kikapanda mkono, kikamchukua mzima mzima. Mpaka mwisho mumewe alikuwa akimwuliza, "Amefika?" Naye akijibu, "Bado, baba watoto."

Shangazi yake aliyemwosha alimfumba macho, yakafunguka. Akayafumba tena.

"Haya hayako hapa," alisema, akahamia miguuni.

Fundi akapiga simu mjini, watu wa msiba wakimsubiri uani.

"Mke wangu amefariki," alisema. "Macho yake yako huko kwenu."

"Subiri kwenye simu," sauti ilisema. "Daktari yupo, ametoka kidogo."

Akasubiri. Wabebaji wa jeneza walichungulia mlangoni, wakarudi nje.

"Mnayafumba ninyi," aliuliza, "au nije niyafumbe mwenyewe?"