Supu Isiyoonjwa

Tulipohamia Brno, mji wa Ucheki, baba mkwe wangu alikuwa karibu kuacha kula. Mzee Khiem alikuwa amepika supu sokoni Cheb, kule mpakani, tangu mume wangu Toan akiwa anatambaa, na sasa ugonjwa wa tumbo ulikuwa umembakisha mifupa mitupu kwenye kitanda cha sebuleni kwetu. Daktari hakuzunguka: hatapona, na asipokula ataondoka mapema zaidi. Toan alipomuuliza anatamani nini, mzee alitaja kitu kimoja tu. Bakuli moja la banh da cua, supu ya kaa wa majaruba na tambi pana za kahawia, ya kwao Hai Phong, mji wa bandari kule kwetu Asia, iliyopikwa sawasawa.

"Nile hiyo, halafu mnizike," akasema.

Mimi si mpishi. Kazi yangu ni kupaka watu kucha, na naifanya vizuri, lakini jikoni mkono wangu mzito. Nilijaribu hivyo hivyo. Nilinunua kaa waliotwangwa na kugandishwa, nikasimama jikoni asubuhi nzima, nikamletea. Mzee akaonja, akaniangalia kwa huruma.

"Mwanangu Thoa, hii umeipika au umefulia nguo?"

Nilicheka, kisha nikaenda bafuni nikalia kwa hasira. Basi ikabaki kutafuta mgahawa, katika mji ambao hatukumjua mtu.

Si kwamba Brno haina migahawa ya Kiasia. Imejaa. Kila pembe kuna joka la dhahabu mlangoni na paka wa plastiki anayepunga mkono, na ndani anayekata samaki wa Kijapani ni mtu wa kwetu, wa Nghe An, na anayekoroga mchuzi wa Kithai ni binamu yake. Tunajuana. Wacheki wanapenda sukari, na sisi tumewapa sukari mpaka wenyewe tumesahau tulikuwa tunapika nini. Toan alikuwa akitoka zamu kiwandani, ananipitia saluni, tunaingia mgahawa mmoja baada ya mwingine na themosi mkononi kama watu wanaoomba maji. Wengi walisema hiyo supu hawaipiki. Waliosema wanaipika walikuwa waongo.

Ya kwanza mzee aliipa neno moja: "Sukari." Ya pili aliitemea kwenye leso. "Unga wa pakiti. Mwambieni ajipikie mwenyewe." Ya tatu aliinusa tu, akageukia ukutani, na siku hiyo hakunywa hata maji. Toan akaanza kunigombeza mimi, kana kwamba nilikuwa nimeificha supu nzuri kabatini.

Nikamwambia aache kusoma vibao vya vyakula ukutani, maana hivyo vimeandikiwa Wacheki. Angalia meza ya nyuma, ile ya karibu na choo, wanapokula wafanyakazi wenyewe. Kama wanakula mkate, toka.

Ndivyo tulivyompata Bi Nhan. Kibanda chake kilikuwa mwisho kabisa wa soko la watu wetu, nyuma ya maduka ya viatu, na mbele aliuza kuku na tambi za kukaanga kama wengine wote. Lakini meza ya nyuma wanawake wawili walikuwa wanachovya mboga kwenye uduvi uliochachushwa, na harufu yake ilimsimamisha Toan mlangoni. Halafu mwenye kibanda akawafokea wale wanawake, na lafudhi ilikuwa ile ile ya mzee. Hai Phong tupu.

"Shangazi," Toan akasema, "unapika banh da cua?"

"Sipiki."

"Huwa anapika," mmoja wa wale wanawake akanong'ona.

"Dada hapa anasema huwa unapika."

Bi Nhan akamtupia jicho yule mwanamke aliyesema, akarudi kukaanga. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye mikono yenye makovu ya mafuta. "Napika siku ya kumkumbuka marehemu mume wangu. Mwaka mara moja. Ndiye aliyekuwa akiipenda. Walio hai wale kuku."

"Tutalipa unachotaka."

"Nani kakuuliza malipo? Nimesema napikia wafu. Umesikia au nipaze sauti?"

Nilimvuta Toan mkono tuondoke. Hakuondoka. Niliona uso wake ukibadilika, nikajua anakuja na ujinga, na sikuwahi kumziba mdomo.

"Basi ni ya marehemu, shangazi," akasema. "Baba yangu. Jumapili ndiyo siku yake. Alikuwa mtu wa Hai Phong."

Bi Nhan akazima jiko. Akajifuta mikono, akamtazama Toan kwa upole. "Kwa nini hukusema tangu mwanzo, mwanangu? Anaitwa nani, nimwite wakati napika?"

Toan akasema: "Khiem."

Bi Nhan akatupatia pia vijiti vitatu vya ubani vya kumwashia marehemu, vimefungwa kwenye karatasi nyekundu. Tulipofika nje nilimwambia mume wangu maneno ambayo siwezi kuyaandika. Alijibu kwamba baba yake hali chakula, mimi nina wazo gani lingine? Sikuwa nalo. Nilivitia vile vijiti kwenye mkoba wangu, chini kabisa, mzee asivione.

Jumapili tukaichukua. Ilikuwa ya moto bado, na chumba chote kilinukia vitunguu vya kukaanga na kaa, harufu ya kweli. Mzee Khiem alifumbua macho kabla hatujamwita. Tukamkalisha kwa mito. Akatazama rangi ya mchuzi, akatazama nyama ya kaa ilivyoganda juu bila kuvunjika, akaitikia kwa kichwa.

"Huyu mtu anajua," akasema. Toan alinishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniumiza.

Akanywa kijiko. Akanywa cha pili polepole, macho yamefumbwa, kama anayesikiliza kitu chumba cha pili.

"Chumvi imezidi," akasema.

"Nitaongeza maji, Baba," nikasema haraka.

"Acha. Mpishi wa namna hii hakosei chumvi." Akaweka kijiko kitandani. "Hakuonja. Nimepika maisha yangu yote, supu ambayo haikuonjwa naijua. Toan, mpishi wetu asipoonja ni kwa nini?"

Mtoto yeyote wa kwetu anajua: chakula cha marehemu hakionjwi kabla ubani haujaisha kuwaka, kwa sababu ukionja umewapa wafu makombo. Mpishi hukisia chumvi kwa vidole na kuomba isizidi. Tulilijua hilo tangu utotoni, na hakuna kati yetu aliyelikumbuka.

"Mmemwambia nimekufa," mzee akasema.

"Baba, alikataa," Toan akasema. "Alisema anawapikia—"

"Na jina langu mmempa?"

Toan akapiga magoti pale kitandani, akaweka uso kwenye blanketi. Nilitegemea mzee atukane, na ningefurahi atukane. Badala yake akapapasa kichwa cha mwanawe mara moja, kwa uchovu.

"Mna ubani pia?" akauliza. "Leteni basi, tumalize kazi."

Ulikuwa utani wake wa mwisho. Bakuli likapoa. Nilijaribu kumpa kijiko kingine chenye maji, akafunga mdomo, na hakuufungua tena kwa chakula chochote. Alikata roho Ijumaa asubuhi, Toan akiwa zamu.

Kwenda kwa Bi Nhan kumwambia ukweli ilibidi niende mimi. Toan alisema hawezi kumtazama usoni, nikamwambia mimi naweza, kwani sikudanganya mimi. Nilimkuta anamenya vitunguu. Nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama.

Kwanza aliniita mshenzi. Kisha kisu kikamtoka mkononi. "Nimemwita," akasema. "Nimesimama hapa na jiko langu nikamwita mtu aliye hai aje kula na wafu. Kwa jina lake! Mna akili nyie?" Wale wanawake wa meza ya nyuma waliinuka wakatoka. Nilimwacha aseme mpaka akaishiwa.

"Alikula?" akauliza mwishowe.

"Vijiko viwili."

"Alisema nini?"

Ningeweza kumdanganya. Tulikuwa tumeshamdanganya vya kutosha. "Alisema mpishi anajua. Na kwamba chumvi imezidi."

Bi Nhan akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaangalia mikono yake. Halafu akafunga kibanda, mchana kweupe, wateja wakiwa mlangoni, akatoa kaa kwenye friji.

Sikujua niondoke au nibaki, nikabaki nikimenya vitunguu. Mchuzi ulipochemka akatia chumvi kwa vidole. Akasita. Kisha akachukua kijiko, akachota, akaonja.

"Shangazi!" nikasema.

"Nyamaza. Alipokuwa hai nilimpa cha wafu. Leo atakula cha walio hai, na huko waliko wakikasirika wanikasirikie mimi." Akaongeza maji kidogo, akaonja tena, akafunika sufuria.

Jioni Toan aliliweka bakuli mbele ya picha ya baba yake, nami nikavitoa vile vijiti vitatu kwenye mkoba. Tulisubiri mpaka vikaisha. Baada ya hapo walio hai hula, ndiyo desturi, nikaigawa supu kwenye mabakuli mawili. Toan akanywa kijiko kimoja, akakaa nacho mdomoni muda mrefu kabla hajameza.

"Chumvi iko sawa," akasema.

Akaliweka bakuli chini, akatoka bila koti. Sikumfuata. Nilikula yangu yote, kisha nikala na yake, kwa sababu ilikuwa supu nzuri na hakukuwa na mwingine wa kuila.