Jani la Mzee Lesikar

Kengele ya kanisa la Akheri ilipolia Alhamisi ile, Sadoki Sumari hakuuliza nani amekufa. Aliendelea kuzungusha mashine yake ya kumenya kahawa mpaka kengele ikachoka yenyewe. Mtu wa kawaida hapigiwi kengele muda wote huo. Huyo alikuwa Mzee Lesikar, na Sadoki alisema moyoni, haya, ameondoka zake.

Watu wote wa mlimani, kuanzia Akheri mpaka huko juu migomba inakokoma, walimwita Lesikar baba. Yeye ndiye aliyeanzisha chama cha Umoja, enzi ambazo hakuna aliyethubutu hata kukohoa mbele ya Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya. Alizunguka nyumba kwa nyumba, mvua na jua, akiwaambia Wameru kwamba wao ni taifa moja, si koo za kugombana juu ya mifereji ya maji. Alifungwa, akatoka, akaanza tena pale pale alipoachia. Malalamiko ya ardhi yalipopelekwa ng'ambo, kila mtu alijua ni kwa kichwa cha nani. Hayo hata Sadoki hakuyakana.

Lakini alikuwa na lake. Mwaka ule serikali ilipoamua kuwahamisha watu wa Engare Nanyuki ili wazungu wafuge ng'ombe, Sadoki na mkewe Tabea walikuwa na shamba huko huko. Tabea alikuwa na mimba ya miezi saba. Sadoki alitaka kumshusha mapema, taratibu, amlaze kwa dada yake Akheri. Mzee Lesikar akaja, akasimama katikati ya watu, akasema, "Hakuna anayeondoka. Akiondoka mmoja kwa hiari yake, watasema tumekubali wote." Watu wakapiga makofi. Sadoki naye akapiga. Wakabaki.

Askari walikuja na malori. Wakachoma nyumba, wakapakia watu juu ya vyombo vyao, mvua ikinyesha. Tabea alijifungua ndani ya lori kwenye njia ya King'ori, mtoto hakulia, na kabla lori halijasimama mama naye alikuwa amekata roho. Watu walipiga ubao wa lori kwa ngumi. Dereva hakusimama, maana aliambiwa asisimame.

Tangu hapo Sadoki aliwachukia wakubwa wote kwa pamoja, wale walioamuru watu waondoke na yule aliyeamuru wabaki. Ila wale walikuwa mjini kwenye ofisi zao za mabati mekundu, na huyu alikuwa jirani, ng'ambo ya mfereji. Chuki huchukua njia iliyo fupi.

Kisha Mzee akaanza kuja na jani la sale. Mlimani kila mtoto analijua: aliyekukosea akikuletea jani la sale lililopigwa fundo, unalipokea, hata kama amekuulia ndugu. Halikataliwi. Sadoki hakulikataa pia, kwa maana hakuwahi kusema hapana. Alikuwa akimwona Mzee anavuka mfereji na jani lake mkononi, naye Sadoki anatoka kwa nyuma, anachutama mgombani mpaka yule achoke kubisha hodi. Mara tatu Mzee alikuja. Mara tatu alirudi nalo.

Ijumaa asubuhi alikuja mjane wake, Magdalena. Mjane hatoki uani kabla mumewe hajazikwa, kwa hiyo Sadoki alipomwona kwenye lango la nyuma alijua hili si jambo dogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usitazame huko mgombani, leo nimepitia huko huko."

Sadoki akamletea kigoda. Hakukikalia.

"Pole kwa msiba, mama."

"Sikuja kuchukua pole. Wazee wa ukoo wamezuia kaburi lisichimbwe. Wanasema mtu haingii ardhini na ombi lake mkononi. Na Bwana Shauri ametuma tarishi, azikwe kesho kabla ya adhuhuri, maana anaogopa watu watajaa. Tusipozika sisi, watazika askari."

"Basi waachie. Kubeba watu wanajua."

Magdalena alimtazama. "Neno hilo umelikalia muda mrefu."

"Nimelikalia, mama. Angenyamaza siku ile, Tabea angekuwa hapo jikoni sasa hivi anakupikia uji."

"Na yeye alijua. Unadhani jani lile alilileta kwa ajili ya Umoja? Umoja ulimkataza. Thomasi wa kamati alimwambia hapo kwangu, nikiwa nimeshika chungu, kwamba ukiomba radhi serikali itasema umekiri kosa. Akamjibu, sasa kama nimekosa?"

"Hayo angeyasema mkutanoni."

"Aliogopa."

"Lesikar? Aliogopa?"

"Alikuwa mtu, Sadoki. Ninyi ndio mliomfanya mlima." Akakusanya kanga yake. "Kesho nitalishika mimi. Kaburi nitawaambia wachimbe, nitasema umekubali kuja. Usipokuja, nitakuwa nimewadanganya wazee na nimemdanganya maiti. Hilo sasa ni lako."

Akaondoka, bila kuaga.

Jumamosi watu walijaa kweli. Wengine walishuka tangu alfajiri kutoka juu msituni. Wachaga wenye maduka Levolosi, kule mjini, walifunga, wakaja kwa miguu na nguo zao za kanisani. Askari walipangwa kando ya mfereji na virungu. Bwana Shauri alisimama kivulini akitazama saa, na pembeni yake mkalimani wake, Ephraimu, kijana wa Kilimanjaro mwenye viatu vinavyong'aa.

Sadoki alikuja. Maneno aliyatayarisha usiku kucha: huyu mnayemlilia aliniulia mke. Basi. Angeyasema mbele ya umati, halafu jani lile alibebe atakaye.

Kwanza aliongea mangi, chifu aliyewekwa na serikali. "Tumepoteza baba," alisema, akijifuta macho kwa leso. "Tumepoteza mlezi wa watu wetu."

"Si alimwita mchochezi?" Loishiye, jirani wa Sadoki, alimnong'oneza.

"Na akamfungisha," akasema mwingine nyuma yao.

"Sasa analia nini?"

"Jua hilo. Jua linamchoma macho."

Kisha Magdalena akatoka kwenye kundi la wanawake, jani la kijani limepigwa fundo, amelishika kwa mikono miwili. Watu wakampisha njia. Mchungaji, ambaye kazi yake ilimkataza kuona mambo ya namna hiyo, akaanza kutafuta ukurasa katika kitabu cha nyimbo alichokijua chote kwa moyo.

Sadoki akafungua mdomo. Ndipo akamwona Bwana Shauri anamwinamia Ephraimu, anauliza. Ephraimu akaeleza, akionyesha jani kwa kidole. Bwana Shauri akatabasamu kidogo, kama mtu anayetazama watoto wakicheza kupika.

Sadoki akaufunga mdomo. Akahesabu: waliochoma nyumba, aliyepanga malori, aliyesema dereva asisimame, mangi aliyetia sahihi. Miaka mitatu. Nani kati yao aliyevuka mfereji? Mmoja tu ndiye aliyewahi kubisha hodi kwake kwa sababu ya Tabea, na huyo ndiye aliyekuwa akimkimbia.

Akapokea jani.

"Nimepokea," alisema. Wanawake wakashusha pumzi kwa pamoja. Lakini yeye akageukia kivulini. "Ephraimu, mwambie bwana wako. Mke wangu alifia katika lori la serikali. Huyu aliyelala hapa hakuliendesha, na ameniomba radhi mpaka akiwa maiti. Mwambie nyumba yangu ni ile pale, mlango uko wazi, na sijapokea jani jingine."

Ephraimu alitazama viatu vyake. Kisha akasema kwa Kiingereza maneno machache, hayakufika hata matano. Bwana Shauri akaitikia kwa kichwa, akamtazama Sadoki kwa upole.

"Asante sana," alisema kwa Kiswahili chake. "Asante, mzee." Akaangalia saa.

Kwa hiyo wakazika. Udongo ulitupwa upesi upesi, wimbo ukaimbwa beti mbili badala ya sita, na askari wakaanza kuwasukuma watu njiani kabla maua hayajawekwa. Loishiye alimshika Sadoki bega, akamwambia amesema vizuri, amesema kiume. Umati ulipopungua alibaki yeye, Magdalena na wazee wawili waliokuwa wakisawazisha tuta kwa majembe.

"Nenda ukapumzike sasa," Magdalena alimwambia. "Umemaliza."

"Mama, siku ile mkutano ulipokwisha, Tabea aliniambia tuondoke." Aliongea polepole, akilitazama kaburi. "Alisema, wewe nifungie mizigo tu, mimi nitatembea. Tumbo linaniuma, alisema. Nikamwambia, Mzee amesema tubaki. Nikamgombeza. Nikamwambia asinitie aibu mbele ya watu."

"Miaka yote hii nilikuwa na wa kumlaumu, hapo tu, ng'ambo. Leo nimemwachilia. Huyu aliniomba mimi. Mimi nimwombe nani?"

Wanawake walikuwa wakimwita Magdalena uani, wamnyoe nywele kama desturi inavyotaka.

"Sijui, mwanangu," alisema. Akaingia ndani.