Ni Marufuku Kuamkia Matairi

Manyoya? Hapana bwana, nani kakwambia manyoya? Watu kila kitu lazima wakitie chumvi. Zilikuwa mvi. Mvi za kawaida kabisa, kama hizi zangu, ila ngumu kidogo kwa sababu zinatoka kwenye mpira. Na hazikuota zote siku moja. Kaa vizuri nikueleze, na huo mguu uvute ndani nisije nikaukanyaga nikiinuka.

Ilikuwa saa mbili asubuhi, fundi kainama mbele ya pikipiki ya binti yake, kwenye kibanda cha matairi nyuma ya ofisi ya afya. Alikuwa na pampu ya mguu, beseni la maji la kutafutia pancha, na redio iliyoshika stesheni moja tu, ile ya matangazo ya vifo. Binti yake alikuwa mkunga. Ofisi ile ilikuwa na wakunga kumi na wawili, kila mmoja na pikipiki yake, wanapanda vilima kwenda kuzalisha watu majumbani. Binti kasimama pale na helmeti mkononi, mkoba wa vifaa begani.

"Baba, la mbele limeota mvi."

"Ngapi?"

"Tatu. Jana ilikuwa moja."

"Na la nyuma?"

"La nyuma bado. Lakini ukilijaza upepo linakohoa."

Fundi akalowesha kitambaa, akafuta ubavu wa tairi, akavaa miwani yake iliyofungwa waya. Pale ubavuni pana namba nne. Wengi hawazioni, na wanaoziona wanadhani ni za kiwanda tu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka tairi lilipotengenezwa. Fundi akahesabu kwa vidole, vikaisha, akaanza upya.

"Miaka kumi na saba," akasema. "Hili limezaliwa wewe ukiwa darasa la tano."

Sasa utaniuliza, tairi la miaka kumi na saba linakuwaje kwenye pikipiki? Ni hivi. Mkuu wa ofisi aliyepita aliagiza matairi kabla ya pikipiki. Usicheke, ndivyo ilivyokuwa. Matairi yakaja, yakapangwa stoo chini ya bati, jua linayapiga kupitia dirisha lisilo na kioo, yanangoja pikipiki. Pikipiki zikaja miaka kumi na minne baadaye, na zikaja na matairi yake. Hayo yakatembea mpaka yakawa vipara. Ndipo mkuu mpya akafungua stoo, akayaona yale mengine, meusi, meno yote yamesimama, hayajawahi kugusa hata vumbi, akapiga makofi. "Mapya haya!" akasema. Yakafungwa kwenye pikipiki zote kumi na mbili.

Fundi akabonyeza ukucha kwenye mpira. Mpira mzima ukiubonyeza unabonyea, halafu unarudi. Ule ulikaa kimya kama ukuta. Akakunja ubavu kidogo, mipasuko ikajifungua, midogo midogo, kama magaga ya kisigino. Akavua miwani.

"Leo usiende nayo mbali, mama."

"Nina mjamzito kule juu, baba. Wa mapacha."

Akaenda. Fundi naye akaenda kwa mkuu.

Huyo mkuu nikusimulie kidogo, maana ni mtu wa kusimuliwa. Mtu mkubwa, shingo imekunjwa mara mbili kama blanketi. Gari lake linabadilishwa matairi kila mwaka, yawe yamechoka yasichoke. Na kila Ijumaa anapaka nywele rangi, nyeusi tititi, mpaka kola ya shati inakuwa na mstari. Fundi akamwambia matairi yamezeeka, yameota mvi.

"Mvi ni heshima," mkuu akasema.

"Kwa mtu, mzee. Kwa tairi ni kwamba litapasuka."

"Wewe umesomea wapi mvi?"

Fundi hakuwa amesoma popote. Alikuwa ameziba pancha miaka thelathini na moja, lakini hiyo haina cheti.

Ikaundwa kamati. Watu watano, wote wa ofisini, hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda pikipiki ila kwa bahati mbaya. Wakaja kibandani wamevaa viatu vya kung'aa. Mmoja akachomoa kijiti cha kiberiti, akakiingiza kati ya meno ya tairi. Kikazama mpaka kwenye kichwa. Wakatazamana wakatabasamu kama watu waliopata mchumba.

"Meno yote yapo," akasema mwenyekiti. "Mzee gani mnamjua ana meno yote?"

"Soma namba pale ubavuni, ndugu yangu," fundi akamwambia.

"Namba ni namba. Sisi tumeona meno."

Wakaandika kwamba matairi ni mapya, na kwamba zile nywele ni suala la usafi. Kwa hiyo akaitwa kinyozi.

Kinyozi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na viti viwili na watoto wanne, basi. Kila Jumatatu asubuhi wakunga wanapanga pikipiki mbele ya duka lake, yeye anatoka na wembe na povu, ananyoa tairi moja moja, ishirini na nne, anamaliza na poda. Watu wenye vichwa vyao wanangoja kwenye benchi. Kufika Alhamisi mvi zimerudi, na nyingine zinatoka kwenye matundu ya rimu kama za masikioni. Likitoka tairi kunyolewa lilikuwa linapendeza, siwezi kusema uongo. Lakini mzee aliyenyolewa ni mzee yule yule, anaona baridi tu zaidi.

Kilichofuata lilikuwa jambo la adabu. Watoto wa kule wamelelewa. Wakiona kitu kinapita kina mvi, wanaamkia. Pikipiki ya mkunga ikapita mbele ya shule Ijumaa, mvi zinapepea, watoto wakasimama: "Shikamooni!" Na matairi nayo, ya zamani hayo, yana malezi yake. Yakaitika marahaba. Lakini tairi halina kingine cha kuitikia ila upepo wake. Kila marahaba, psss, kidogo. Shule ilikuwa na watoto mia sita. Mkunga alifika kwa mjamzito anatembelea rimu.

"Wale watoto wana adabu sana," alimwambia baba yake, jasho linamtoka, anapiga pampu.

Ofisi ikashughulika, usidhani haikushughulika. Siku tatu tu, kibao kikasimamishwa nje ya shule, rangi nyekundu, na muhuri: NI MARUFUKU KUAMKIA MATAIRI. Mwalimu mkuu akakisoma mbele ya mstari. Watoto wakatii, wakaacha kusema. Ila huwezi kumwambia mtoto aliyelelewa ampite mzee kama anapita gogo, kwa hiyo wakawa wanainamisha vichwa kimya kimya. Na matairi yakawa yanaitika kwa kuyumba, jambo ambalo kwenye kona si zuri.

Basi, mwisho wa mwezi ikaja fomu. Kila mwezi huwa inakuja: pikipiki namba fulani, matairi yako salama, sahihi ya mkaguzi. Mkaguzi alikuwa fundi. Mkuu akamwita, akamsogezea kalamu, yake mwenyewe, ile ya dhahabu dhahabu.

"Weka hapa, mzee wangu. Na hapa. Kumi na mbili tu."

"Siweki."

"Moja ni ya binti yako. Unataka mwanao akae bila pikipiki? Bila fomu pikipiki haitoki, na mkunga asiyetoka hana kazi hapa."

Fundi akaiangalia ile kalamu. Najua alichokuwa anawaza, kwa sababu aliniambia mwenyewe, siku nyingi baadaye, tukiwa tunangoja dawa. Alikuwa anawaza kwamba akiandika, anampandisha mwanae juu ya kitu kitakachopasuka, kwa mkono wake. Asipoandika, ataandika mwingine.

"Hebu twende wote, mzee," akamwambia mkuu. "Wewe kaa nyuma, mimi niendeshe. Tushuke ule mteremko wa mawe mara moja tu. Tukifika chini wazima, naweka sahihi zote."

Mkuu akasema ana mgongo.

"Basi siweki."

Kesho yake asubuhi kinyozi akapandishwa cheo. Mkaguzi wa Matairi. Barua ilisema ndiye mtu aliye karibu zaidi na matairi, na hilo huwezi kulibishia. Akawa ananyoa, anapaka poda, anaweka sahihi, yote kwa mkono mmoja. Fundi akahamishiwa getini. Kazi yake ikawa kufungua geti, na kila asubuhi anaifungulia pikipiki ya binti yake. Kabla hajafungua anainama, anabonyeza ukucha kwenye tairi. Aone kama mara hii litabonyea. Binti anangoja, halafu wanaagana.

Mwezi wa pili, tairi la mkunga mwenzake lilipasuka. Yule mwenye mwanya, mcheshi, aliyekuwa akiimba akipanda kilima. Saa nne asubuhi, katikati ya mteremko wa mawe. Waliokuwa wanachota maji pale wanasema tairi la mbele lilivuta pumzi kwanza, likasema, "Jamani, nimechoka," kisha likapasuka. Halikusema kwa ubaya. Mkunga akaruka, akaangukia mguu, ukavunjika mara mbili. Mikasi na pamba vikatawanyika mpaka mtoni. Yule mama aliyekuwa akimngoja alijifungua mwenyewe, na mkwe wake akakata kitovu kwa wembe wa nyumbani.

Kamati ikaja na viatu vyake. Wakaliangalia tairi lililopasuka. Limenyolewa vizuri, lina poda, meno yote yapo. Wakachomeka kijiti. Wakaandika kwamba tairi jipya haliwezi kufa kwa uzee, kwa hiyo limeuliwa na mwendo. Mkunga akaletewa barua wodini, mguu umening'inizwa, ajieleze kwa nini aliliendesha tairi changa bila huruma. Mkuu akatoa hotuba kuhusu kutunza mali. Pale mbele alikuwa anang'aa kichwa kama kiatu, rangi mbichi, inzi anatua anateleza. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya jicho, nikapiga makofi mawili, na mpaka leo yananiuma.

Pikipiki ile ikafungwa tairi lingine kutoka stoo. Pacha wa lile.

Vijiji vya yule mwenye mwanya akapewa binti wa fundi, juu ya vijiji vyake. Sasa ule mteremko akawa anaushuka mara mbili kwa siku. Baba yake akamkalisha kitako nyumbani, mama yake yupo, watoto wake wawili wapo.

"Sikukatazi kazi," akasema. "Lakini pale kwenye mawe utashuka chini. Utaikokota. Mwanzo mpaka mwisho."

"Nitachelewa, baba."

"Chelewa."

Akakubali. Akawa anafika pale juu, anazima, anashuka, anaishika pikipiki usukani na kuiteremsha taratibu, kama mtu anayemsaidia babu yake kushuka ngazi. Na matairi yanamshukuru, kila jiwe. Kwa mguu ule mteremko ni dakika arobaini. Ofisi ikaanza kumwandikia barua za uzembe, akawa anaziweka chini ya godoro, mpaka upande wake ukainuka.

Na nyumbani pakawa na utaratibu. Chakula kikiiva, fundi anakifunika. Hakuna anayegusa mpaka binti arudi, na akirudi baba yake anauliza swali moja, akijibiwa, ndipo watu wanakula.

Siku ninayokwambia jua lilikuwa bado lipo. Mkewe kapakua, kafunika, mvuke unatoka pembeni ya sahani. Wajukuu wamekaa kwenye mkeka wanaangalia zile sahani kama televisheni.

"Babu, si tuanze sisi wadogo?"

"Nyie wadogo mna nini zaidi? Subirini."

"Tumbo langu linaongea."

"Liambie linyamaze, watu wazima wanasubiri."

Mkewe akasema, "Mume wangu, watoto wamechoka."  Fundi alikuwa anasikiliza barabara. Kikasikika, kwa mbali, kile kikohozi cha tairi la nyuma, halafu injini, halafu geti la bati. Binti akaingia. Damu kwenye viatu, imekauka. Akaegemeza pikipiki ukutani, kivulini, akavua helmeti. Hakukaa. Alijua swali.

"Umeshuka chini?" baba yake akauliza.

 Binti akatundika helmeti kwenye usukani.

"Juu yake," akasema. "Mama alikuwa anamwagika damu, baba. Walinipigia simu niko kileleni. Kwa mguu nisingemkuta."

"Mawe yote?"

"Yote. Mbio."

Fundi akaangalia pikipiki. Matairi yamejaa vumbi, mvi zimesimama wima kwa mbio zile, yanahema. Kesho Jumatatu, kwa kinyozi.

"Yalisema chochote?"

"La mbele lilikuwa linaomba pole pole. Nililiambia linisamehe."

"Mama yule?"

"Mzima."

"Mtoto?"

"Wa kike. Mkubwa, kelele tele."

Fundi akabaki anasugua ule ukucha wake wa kidole gumba, uliokwisha kuwa bapa kwa kubonyeza. Alitaka kusema asirudie. Akamwangalia usoni, akaona kwamba atarudia, kesho akipigiwa, na keshokutwa, na kwamba yeye mwenyewe angekuwa kileleni pale naye angeshuka akiwa juu yake. 

"Mleteeni dada yenu maji anawe," akasema.

"Ni mama yetu, babu."

"Mleteeni basi huyo mama yenu maji."

Akanawa mpaka kwenye viwiko. Bibi akafunua sahani, akamsogeza mjukuu mmoja kwa paja, akamsogeza wa pili, nafasi ikapatikana. Chakula kilikuwa kimepoa na hakuna aliyelisema hilo. Binti akakaa chini, akanyoosha miguu, wote wakakaa, wakala.