Meno Thelathini na Tisa

Muasya aliliingiza gari kwenye gereji ya Mwaura pale Uthiru saa mbili asubuhi, akazima injini, akabaki ameketi, mikono juu ya usukani. Alikuwa ameingia Nairobi jana yake kutoka Maralal. Safari ambayo kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiimaliza kabla jua halijaanza kushuka, siku hizi ilimla siku nzima, na ilimwacha na magoti yanayouma kama ya mtu aliyetembea njia yote kwa miguu.

"Shuka basi," Mwaura alimwambia, akijifuta mikono kwa kitambaa. "Ama umelala?"

"Niko macho. Nimechoka tu."

Mwaura alilizunguka gari lile jeupe la shirika la chanjo. Zamani lilikuwa na tairi za inchi thelathini na moja. Miezi minane iliyopita, baada ya pancha zisizokwisha na tumbo la gari kukwaruzwa na mawe, ofisi ilitoa amri likainuliwa na kufungwa tairi za inchi thelathini na tano. Kwenye mawe na mchanga zilifanya kazi vizuri, hilo hakuna aliyelikana. Lakini tangu siku ile gari likawa zito. Gia ya tano ilikuwa imegeuka pambo. Kila mlima Muasya alirudi ya pili, kisha ya kwanza, na klachi iliyobadilishwa juzi tu ilikuwa imeshaanza kunuka.

"Nimeandikiwa barua ya onyo," Muasya alisema. "Eti naunguza klachi."

"Wewe?"

"Mimi."

Mwaura alitupa kitambaa begani. Aliinua ekseli ya nyuma kwa jeki, akaweka stendi, akachora alama ya chaki kwenye propela, ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini nyuma. Muasya akashuka, kila mmoja akashika gurudumu upande wake, wakayazungusha pamoja taratibu hadi yakamaliza mzunguko mmoja, Mwaura akihesabu kwa sauti kila alama ya chaki ilipopita. Propela ilizunguka mara nne na kidogo.

"Nne nukta moja. Ile ile ilitoka nayo kiwandani," alisema akinyoosha mgongo. "Sasa sikia. Tairi kubwa, ikizunguka mara moja inaenda mbali kuliko ndogo. Si ndiyo? Hapo injini inasukuma kitu kubwa na nguvu ile ile. Ni kama wameongeza gia ndefu kwa kila gia yako. Walibadilisha tairi wakasahau difu, zile gia za ndani ya ekseli."

Alichukua kipande cha katoni, akaandika: nne nukta moja, mara thelathini na tano, gawa kwa thelathini na moja. Jibu lilikuwa nne nukta sita tatu.

"Hiyo namba haiuzwi. Kuna nne hamsini na sita, na kuna nne themanini na nane. Moja inakurudishia karibu kile ulikuwa nacho. Nyingine inakupa nguvu zaidi kidogo."

"Zaidi," Muasya alisema, hata kabla Mwaura hajamaliza.

Duka la Mama Chanchal lilikuwa katikati ya jiji, Barabara ya Kirinyaga, kati ya muuza shokomzoba na muuza vioo. Mama huyo alikuwa ameuza vipuri vya difu tangu siku za baba mkwe wake, na sasa, akiwa na miaka sitini na saba, aliketi nyuma ya kaunta na shali mabegani hata kukiwa na joto. Norman Obuya, mkuu wa usafiri katika shirika, aliwakuta Muasya na Mwaura hapo, amekuja kwa miguu kutoka ofisini, shati limepigwa pasi, simu mkononi.

Mama Chanchal aliweka seti mbili juu ya gazeti. Kila seti ilikuwa na gurudumu la chuma lenye meno na kigia kidogo cha kulizungusha.

"Hii ina meno arobaini na moja kwa tisa. Ni nne hamsini na sita. Hii, thelathini na tisa kwa nane. Nne themanini na nane," alieleza. "Na fundi anajua, nyuma na mbele lazima zifanane. Ukichanganya, siku ya kuweka foo-wili, magurudumu yote manne yavute, mtavunja kitu."

Obuya alikiangalia kile kipande cha katoni cha Mwaura. "Hesabu inasema nne sitini na tatu. Nne hamsini na sita ndiyo iko karibu. Tuchukue hiyo. Hiyo nyingine injini itakuwa inapiga kelele barabara yote mpaka Nyahururu, na itakunywa mafuta."

"Bosi, hesabu ni ya gari tupu," Muasya alisema. "Sisi hubeba friji, maji, mahema, na watu sita. Na huko ni juu, hewa ni nyepesi, injini haipumui vizuri."

"Mzee Muasya, na heshima zote, shida si difu peke yake. Shida pia ni mguu wako kwa klachi. Ilikuwa ndani ya barua."

Muasya aliangalia sakafu. Alikuwa na jibu, lakini lilikuwa refu, na hakuwa na nguvu ya kulianza.

Mama Chanchal ndiye aliyeuliza, bila ukali, "Bwana, wewe umewahi kuipandisha mlima mwenyewe, ikiwa imejaa?"

Obuya alikiri kwamba hajawahi.

"Basi panda. Gia hazitatoroka hapa."

Labda ni kiburi kilichomfanya akubali, labda ni kwamba hakuwa mtu mbaya. Mchana huo walipakia magunia ya kokoto hadi springi zikalala, wakapitia Dagoretti Market na Karen hadi nyuma ya mji wa Ngong, kwenye njia ya changarawe inayopanda bila kona. Obuya alishika usukani. Muasya alikaa kando yake, Mwaura nyuma pamoja na magunia.

Walianza vizuri. Katikati ya mlima mwendo ulikufa. Obuya alirudi gia ya kwanza, akaongeza mafuta, injini ikanguruma, lakini gari likasimama. Alipojaribu kuliondoa tena, moshi ukaingia ndani na harufu kama ya nywele zinazoungua. Gari likaanza kurudi nyuma.

"Breki," Muasya alisema kwa upole. "Kanyaga breki. Vuta na ya mkono. Hivyo."

 Jasho lilikuwa limelowesha kola ya Obuya.

"Hapa unaweka ile ndogo," Muasya alisema. "Foo-wili, ile ya kutambaa. Hapo itapanda. Lakini ukifanya hivyo kila mlima, miezi mitatu, minne, klachi inaisha. Halafu siku unaihitaji kabisa, inateleza."

"Ilikuwa hivyo mwezi wa tatu?" Obuya aliuliza.

 Ripoti ya mwezi wa tatu Muasya aliiandika mwenyewe. Mistari minne: safari ilicheleweshwa na hali ya barabara, klachi iliharibika, gari likavutwa.

"Tulikuwa na mama, anaitwa Nabiki," alisema. "Walituomba kule kambini tumpeleke Baragoi, uchungu ulikuwa umemshika siku mbili. Nesi wetu akasema twende. Tulipofika ule mlima wa mwisho niliweka ndogo, na klachi ikakataa. Injini inazunguka, gari limesimama. Tulitoa friji, tukatoa maji, watu wakashuka wakasukuma. Wapi. Alijifungulia pale chini ya turubai. Mtoto alilia. Mama alitoka damu sana. Lori likatupata baada ya saa tatu, na mama alikuwa ameshatuacha."

Obuya alimgeukia. "Mbona hukuandika?"

"Ningeandika nini? Siku mlifunga hizi tairi nililiendesha hapo Waiyaki Way dakika kumi. Nikajua ni zito. Nikaletewa fomu ya kusema gari liko sawa, nikatia sahihi. Nilikuwa nataka kwenda nyumbani kulala."

Nyuma, Mwaura alikohoa, kisha akatazama nje.

Obuya hakuomba msamaha mlimani pale. Lakini jioni alimpigia Mama Chanchal awawekee ile ya nne themanini na nane, mbele na nyuma, na asubuhi yake alimwambia Muasya kwamba ile barua ataiondoa kwenye faili, na kwamba watalazimika kuandika ripoti upya, wote wawili.

"Sawa," Muasya alisema. Hakuona tofauti kubwa.

Mwaura alifanya kazi siku tatu. Alitoa ekseli, akafunga gia mpya, akapima nafasi kati ya meno kwa subira, akapaka rangi juu yake na kuangalia zinavyogusana, akafungua tena, akafunga tena. Aliweka klachi nyingine pia. Muasya alikuja kila siku akakaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, akanywa chai na kusinzia.

Siku ya nne walirudi Ngong na magunia yale yale. Safari hii Muasya ndiye aliyeendesha. Gari liliondoka kwa wepesi aliokuwa ameusahau. Lilipanda kwa gia ya pili, injini ikivuta bila kulalamika, bila harufu, bila kugusa ile ndogo, hadi juu kabisa penye upepo na ng'ombe wachache wakila majani.

"Umeona?" Mwaura alisema akicheka. "Imerudi! Hata ungeongeza gunia tano."

Muasya alizima injini. Tangu mwezi wa tatu alikuwa akijiuliza kama gari lililo sawa lingeupanda ule mlima wa Baragoi, na alikuwa ametumaini, kwa kiasi ambacho hangeweza kumwambia mtu, kwamba gari lingeshindwa tena. Kwamba mlima ungekuwa mlima tu.

"Siku ile na Nabiki, ingepanda," alisema.

Mwaura aliacha kucheka. Alimtazama, kisha akaweka mkono begani mwake, akauacha hapo.

"Ingepanda, ndiyo," alisema. Hakutaka kumdanganya.

 Kisha Muasya akafungua mlango, akashuka, akaanza kushusha magunia ya kokoto moja moja kando ya njia, kama walivyotoa friji na maji siku ile, ingawa hakuna aliyemwambia ayashushe, na Mwaura akashuka kumsaidia.