Rahisi Kufunga

"Keti kwanza, mama. Zamu yako ikifika nitakuita."

Mwenyekiti aliyasema hayo kwa upole, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kusimama, na kwetu Bosnia mtu akisimama mbele za watu haketi mpaka aseme alilosimamia. Viatu vyangu vilichuruza maji ya theluji sakafuni. Ukumbi mzima ulinigeuzia shingo. Safu chache mbele yangu Harlan Cutting, mfugaji wa ng'ombe mwenye mabega mapana kama mlango wa ghala, alikuwa bado anaeleza kwa nini ile shule ya zamani kando ya kanisa ifungwe kabisa.

"Paa linavuja, jiko linakula kuni, na wanaoingia humo ni wageni wachache wa Jumamosi," alisema. "Na hao wageni, Bwana Mwenyekiti, Kiingereza wanakijua tayari. Wananunua mkate, wanaendesha magari. Wanataka nini zaidi?"

Mimi nilikuwa mmoja wa hao wageni. Kati yetu sote, mwenye kura nilikuwa peke yangu, maana nilikuwa nimekwisha kupata uraia.

Ndivyo mambo yalivyo katika miji midogo ya Vermont. Kila mwaka mwezi wa Machi, matope yakianza kuchungulia chini ya theluji, watu hukusanyika ukumbini na kuamua mambo ya mji kwa mikono yao wenyewe: barabara ipi ichongwe, daraja lipi lisubiri, nani apewe na nani anyimwe. Mwenye kura huketi katikati na kusema. Asiye na kura huketi kwenye benchi la ukutani na kumeza mate. Mwalimu wetu, Bi Lorraine Pelkey, aliishi ng'ambo ya mto, na ng'ambo ya mto ni mji mwingine. Kwa hiyo yeye, aliyekuwa na maneno mengi kuliko ukumbi mzima, alikuwa benchini, mikono mapajani, midomo ameibana. Hakunitazama hata mara moja. Alijua kwamba angenitazama ningetetemeka.

Bi Lorraine alikuwa ameunganisha simu za watu kwa miaka mingi kabla mitambo haijaanza kujiunganisha yenyewe, na katika shule ile alitufundisha Kiingereza kama mtu aliyezoea kusikiliza nyaya. Jumamosi asubuhi, kabla hujavua koti, ulipaswa kumpa mambo mawili: moja lililokuwa rahisi wiki ile na moja lililokuwa gumu. Bila hayo hupati kahawa. Na ilibidi utumie vile vitenzi vyao vyenye mkia, vitenzi vya kutoa roho. Kwa Kiingereza ukichukua neno la kutoa ukalifunga mkia wa juu, give up, mtu amekata tamaa. Ukichukua neno la kuweka ukalibandika mikia miwili, put up with, mtu anavumilia. Mume wangu Muharem alicheka mpaka akakohoa. "Lugha gani hii, mtu akitoa juu amekata tamaa? Sisi tukikata tamaa tunapika kahawa."

Lakini Bi Lorraine hakuwa na mzaha na jambo moja. Sentensi ya kitabuni hakuipokea. "Hiyo ya jirani," alikuwa akisema, na kuirudisha kwa mkono kama sahani yenye uchafu. "Nipe yako." Mwanzoni zangu zilikuwa za theluji na gari: gari langu ni gumu kuliwasha, theluji ni rahisi kuanguka ndani yake. Baadaye zikaanza kuwa za watu. Bosi wangu ni vigumu kumvumilia. Kijana wangu ni rahisi kumpoteza, maana anajibu kwa lugha yao hata nikimwita kwa yetu. Siku niliyoisema hiyo Bi Lorraine alinimiminia kahawa, akaniongezea sukari ambayo sikuwa nimeiomba.

Basi nilikuwa nimesimama ukumbini, na nilikosea mara mbili kabla sijafika popote. Sikusubiri kuitwa. Halafu nikamwelekea Harlan moja kwa moja.

"Wewe Harlan," nilisema, "unajua kufunga tu?"

Rungu la mwenyekiti liligonga meza. "Mama, hapa hatujibizani. Unazungumza nami, si naye. Na kwanza taja jina lako na barabara unayoishi."

Watu walinong'ona. Nilisikia mtu nyuma akisema, "Hata taratibu hawazijui." Damu ilinipanda masikioni. Kama ningeketi wakati ule, shule ingefungwa kabla ya chakula cha mchana, na mwalimu wangu angekuwa ameshuhudia kwa macho yake kwamba kazi yake ilikwenda na maji.

"Naitwa Senija Hadžić, naishi Barabara ya Kinu," nilisema. "Sawa, Bwana Mwenyekiti. Nakwambia wewe. Yeye asikie tu."

Ukumbi ulicheka, na kicheko kile kilikuwa upande wangu.

"Ni kweli tunajua Kiingereza. Nilipoanza kazi katika nyumba ya wazee nilijua Kiingereza cha mkate. Kuna bibi mmoja mle ndani, Bibi Winifred Cutting." Mabega ya Harlan yalikakamaa. "Mwaka mzima nilimgeuza kitandani kama gunia. Yeye analalamika, mimi nanyamaza. Yeye analia, mimi namfuta machozi, sijui analilia nini. Sasa namjua. Bibi Winifred ni rahisi kupatana naye. Ni vigumu kumlaza."

Hapo walicheka wengi zaidi. Nusu ya watu wale bibi huyo aliwahi kuwapeleka shule kwa basi lake, na hakuna aliyekuwa amesahau sauti yake.

"Ni rahisi kumchokoza, ni vigumu kumnyamazisha. Ana hadithi ya mwanawe aliyekuwa akikataa kuvaa kofia wakati wa baridi. Huisimulia kila siku. Kuisikiliza hakutoshi, lazima umjibu, umuulize, umkatize, umbishie kidogo. Akibishiwa analala. Kubisha huko sikukupata dukani kwenye mkate. Nilifundishwa kwenye chumba kile kinachovuja. Paa ni rahisi kuliziba. Darasa ni rahisi kulifunga. Lakini mtu aliyeachwa nje ya maneno, Bwana Mwenyekiti, ni vigumu sana kumrudisha ndani. Nimemaliza."

Nikaketi.

Mwenyekiti akaomba mikono ya wanaotaka shule ifungwe. Harlan aliunyoosha wake juu kabisa. Nilimheshimu kwa hilo. Mwanamume hageuzwi kama chapati kwa hotuba moja ya asubuhi. Kisha ikaombwa mikono ya wanaotaka ibaki, na mke wake aliyeketi ubavuni mwake akaunyoosha wake bila kumtazama. Mikono ilijaa. Mwenyekiti hakuhitaji kuhesabu.

Benchini, Bi Lorraine alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili ili isije ikapanda yenyewe. Nilimwona, na nikajivuna. Niliwahi kujivunia wanangu, na bustani ya mama yangu kabla ya vita, lakini kujivunia maneno yaliyotoka kinywani mwangu ilikuwa mara ya kwanza.

Kesho yake niliingia kazini asubuhi. Habari ilikuwa imenitangulia, kama kawaida ya mji ule.

"Nasikia umenitangaza ukumbini kwamba silali," alisema Bibi Winifred.

"Ndiyo, bibi."

"Na mwanangu alipiga kura gani?"

"Alitukataa."

"Kichwa kigumu. Hata kofia ilikuwa haikikai." Akajiinua kwenye mito, akaninyooshea kidole chenye mifupa mitupu. "Haya, yaseme yote hayo uliyoyasema. Usiruke hata neno."

Nilikuwa na vitanda vingine vya kutandika. Niliiweka chini ile shuka iliyokuwa mkononi mwangu, nikasimama wima mbele ya kitanda chake, nikataja jina langu na barabara yangu, nikaanza.