Rangi Mpya ya Mzee Rotich

Nangila alikuwa amefunga mizigo kwenye trela miaka kumi na miwili, na hakuna aliyewahi kumuumiza kichwa kama Mzee Rotich wa Kitale. Mzee alitaka trekta lake kuukuu, la mwaka wa hamsini na nne, lifikishwe kwenye maonyesho ya kilimo Bungoma. Alikuwa amelipaka rangi nyekundu mwenyewe, mpaka matairi, na sasa hakutaka kuona mnyororo.

"Utalichubua! Funga na kamba ya katani, kama ng'ombe."

"Ng'ombe gani ana tani mbili, mzee? Nafunga minyororo minne, kila pembe wake."

"Ya nini? Breki yake iliwekwa na Waingereza. Na pasta ameshaliombea."

Nangila akameza tusi, na lilikuwa tusi refu. "Sawa, baba. Kamba tu. Lakini wewe utapanda ulishikilie."

Rotich akapanda, akaketi na koti lake la kanisani, akawapungia watu wa sokoni mkono kama mkuu wa mkoa. Nangila akawasha lori, akaenda hatua ishirini pole pole kabisa, kisha akakanyaga breki.

Waingereza wakashindwa. Trekta likateleza mbele shubiri nzima, kamba ikalia, na kofia ya mzee ikatua juu ya paa la lori.

Rotich akashuka. Akaokota minyororo yote, akamletea Nangila kwa mikono miwili.

"Ni hii minne tu?" akauliza. "Huna mingine?"