Mlango wa Waungwana

Siku ya tatu ya matanga, Saliha alikaa nyuma ya pazia la majlisi, sebule ya wageni, akiwasikiliza wanaume wakimsifu mumewe. Alikuwa edani, kuwatokea hawezi, na sauti yake hakutaka iwafikie. Nyumba nzima pale Ibra, Omani, ilinuka ubani na kahawa ya iliki.

"Muhanna, Allah yarhamu, alikuwa muungwana," alisema Anuari. "Muungwana kweli kweli."

Saliha aliuma ukingo wa mtandio. Katika nyumba hii neno hilo halikuwa sifa.

Muhanna alisomesha historia katika shule moja ya binafsi. Kila mwaka akifika kwenye Italia, somo lile hulirudia jikoni, Saliha akikuna nazi. Wanafunzi huandika sababu za ufashisti kama walivyozikariri: vita vilivyoua watu bila kuwaletea walichoahidiwa, askari waliorudi wakakosa kazi, ughali wa maisha, migomo, hofu ya wakomunisti.

"Yote kweli," husema Muhanna. "Lakini huo ni upepo. Mlango aliufungua nani? Wenye mashamba waliwalipa wahuni wawapige wakulima. Wanasiasa wakawatia katika orodha yao ya uchaguzi, wakidhani watawafuga. Mfalme ana jeshi, akaletewa amri ya kuwazuia, akakataa kutia saini. Waungwana, Saliha! Mhuni peke yake hafiki sebuleni."

Mwaka jana pale shuleni wakazuka wavulana, watoto wa wakubwa, wakijiita Kikosi. Walimzomea Mwadini, mlinzi wa lango kutoka Tanga, wakamnyang'anya kofia, wakamwita majina yasiyotajika. Muhanna alitaka wafukuzwe. Anuari, naibu wa mkuu wa shule na rafiki yake wa kula naye kila Ijumaa, alicheka.

"Watoto hao, bwana. Wape kazi, watatulia."

Akawavisha beji, wakawa wasimamizi wa nidhamu hapo hapo langoni. Haukupita muda Mwadini akapigwa jiwe la jicho. Kwenye kikao cha walimu Muhanna alisimama peke yake akataka beji zivuliwe. Anuari aliangalia viatu vyake. Mwadini alirudishwa kwao na jicho moja. Muhanna akaambiwa akapumzike nyumbani. Akapumzika, mpaka na moyo wake nao ukapumzika.

Beji hazijavuliwa hadi leo.

Saliha hakutaka fidia wala pole. Alitaka kitu kimoja tu: Anuari aseme alilolifanya, mbele ya watu, kabla matanga hayajaanuliwa.

"Dalal," alimnong'oneza bintiye, "kamwambie Ammi Anuari, mama anauliza, mlango aliufungua nani?"

Dalal anasoma Nizwa kwa Kiarabu, na Kiswahili chake kinachechemea. Akasimama ukingoni mwa pazia.

"Shikamoo, Ammi Anuari. Mama anauliza, mlango ilifungua nani?"

"Mlango u wazi, mwanangu!" akadakia mzee Yaqoob, jirani yao. "Joto hili nani atafunga? Ataka tupikwe?"

Wakacheka kidogo, kicheko cha matangani.

Anuari hakucheka. Swali hilo alilisikia mara ngapi kwenye sinia ya Ijumaa! Kikombe chake kiligonga sahani.

"Mwambie mama," alisema mwisho, "ya shule tumwachie Mungu. Sisi waungwana, hatufukui makaburi."

Dalal aligeuka kuyapeleka, lakini mama yake alikuwa ameshayasikia. Alishika pazia kana kwamba atalivuta. Kisha akaliachia.

"Mwambie, akitoka, mlango wa nje ajifungulie mwenyewe. Kazi hiyo anaijua."

Dalal aliufikisha ujumbe bila kukosea hata neno moja. Walimu wenzake Anuari, wote waliokuwamo katika kikao kile, waliinamisha nyuso. Saliha akasikia kiti kikisukumwa, viatu vikitafutwa, gari likiwashwa.

Alingoja. Labda mmoja wao sasa angesema.

Yaqoob aliomba kahawa nyingine. Na sauti ya mwalimu mmoja ikaanza, polepole, kumsifu marehemu: alikuwa muungwana.